Mto huu hukauka lini?

NDUGU MSOMAJI, wiki mbili zilizopita jirani yangu mmoja wa hapa Maswa alinionyesha picha aliyotumiwa na mwanawe aliyeko masomoni India. Ilikuwa picha ya mashua kubwa iliyoezekwa kwa mianzi na makuti, ndani yake mna vitanda, meza ya chakula na jiko, nayo ilikuwa ikielea polepole katikati ya vijiji na mashamba ya mpunga ya jimbo la Kerala. Mashua hizo zamani zilikuwa za kuchukulia mpunga. Barabara na malori yalipozinyang'anya kazi, wenyewe wakazigeuza kuwa nyumba za kupangisha wageni. Jirani yangu akaniuliza kama na kwetu Tanzania kuna safari za namna hiyo, mtu akalala majini na kuamka majini, huku vijiji vikimpitia mlangoni.

Nilimjibu kwamba vitanda na meza siwezi kumwahidi, lakini safari yenyewe nimekwisha kuisafiri, mimi na mjukuu wangu wa miaka kumi na miwili, mwezi Juni 2023, katika mikondo ya Mto Rufiji. Akaniambia: "Mbona basi hukutuandikia, mwalimu?" Sikuwa na jibu zuri. Ukweli ni kwamba sikuandika kwa sababu safari ile ilinigusa mahali ambapo sisi watu wa Maswa hatupendi kuguswa. Leo naandika.

Kwanza tukumbushane habari ya mito yetu. Mtoto wa Maswa akisema "mtoni", anasema mchanga. Mto Simiyu na matawi yake hushuka kwa kishindo mvua zinaponyesha, hung'oa madaraja na kuchukua mbuzi, kisha huenda zake katika Ghuba ya Speke, Ziwa Viktoria, na sisi hubaki na njia ndefu nyeupe ya mchanga. Katika mchanga huo akina mama huchimba visima vifupi kwa kata, na wachungaji huchimba vingine pembeni kwa ajili ya ng'ombe. Mjukuu wangu alikuwa amekwisha kuvuka mito mingi maishani mwake, yote kwa miguu na yote bila kulowa.

Safari yetu haikuwa ya utalii. Mdogo wangu wa kiume, ambaye sitamtaja jina wala kijiji chake, aliondoka Maswa mwaka 1991 na ng'ombe wa baba. Wakati ule ardhi ilikuwa imechoka. Pamba ilikuwa imekula mashamba, mifugo imekula malisho, miti imekwisha. Si bure kwamba mradi wa HASHI ulianzishwa mwaka 1986 kuturudisha kwenye desturi ya wazee wetu ya kutenga ngitili. Lakini ngitili ni ya kusubiri, na ng'ombe hasubiri. Mdogo wangu, kama maelfu ya Wasukuma wengine, aliwafuata ng'ombe kuelekea kusini hadi bonde la Usangu, akaishi kando ya Ihefu. Mwaka 2006 na 2007, Serikali ilipowaondoa wafugaji huko ili kuunusuru Mto Ruaha Mkuu, ambao tangu mwaka 1993 ulikuwa ukikatika kila kiangazi, naye aliondolewa. Akaenda Rufiji.

Tazama ramani, ndugu msomaji. Maji ya Ihefu huingia Ruaha Mkuu, hupita Mtera na Kidatu, kisha huingia Rufiji na kumwagika Bahari ya Hindi. Mdogo wangu alitolewa kwenye kichwa cha maji akaenda kukaa mkiani, maji yale yale. Mama yetu, ambaye hajapata kuona bahari, alilijua jambo hilo kabla yangu. Alisema: "Huyo hajahama, ameteremka tu." Kisha akafunga kilo kadhaa za michembe na matobolwa katika mfuko wa unga, akaniagiza nimpelekee mwanawe kabla yeye hajafa.

Safari ya basi kutoka Maswa hadi Dar es Salaam kila mtu anaijua, sina haja ya kuieleza. Toka Dar es Salaam tulikwenda Kibiti, na toka Kibiti tukateremka hadi Nyamisati, bandari ndogo ambayo watu wa Mafia huitumia kuvukia. Mdogo wangu alikuwa ametuambia kwa simu kwamba njia za pikipiki za upande wake zingali tope la masika, hivyo tupande mashua ya mizigo ipitayo katika mikondo ya delta hadi inapofikia, halafu yeye atatupokea kwa mtumbwi. Nilidhani ni safari ya nusu siku. Ilituchukua siku tatu na usiku wa mbili.

Mashua yenyewe ilikuwa ya mbao, yenye mashine ndogo na tanga la akiba. Nyuma palifungwa turubai, na hapo ndipo palipokuwa nyumba yetu sote: nahodha, mabaharia watatu na abiria tisa. Jiko lilikuwa sanduku la mbao lililojazwa mchanga, na juu yake mafiga matatu. Mbele palipakiwa unga, sukari, chumvi, saruji, sabuni, mabati na godoro moja lililosafiri kwa heshima kubwa kuliko abiria, kwani lilikuwa la bibi harusi.

Hapa niseme neno na akina mama wanaoweza kutamani safari kama hii. Chukueni chandarua, maana mbu wa mikokoni hawana simile. Chukueni maji ya kunywa ya kutosha, kwa kuwa maji yanayokuzunguka, ingawa ni mengi, yana chumvi. Chukueni kanga za ziada. Choo cha mashuani ni nyuma ya usukani, na pazia lake ni kanga utakazoshikiwa na mwenzako. Na kabla hamjapanda, hesabuni maboya. Katika mashua yetu yalikuwa manne tu kwa watu kumi na watatu. Sisi wa Kanda ya Ziwa, tuliozika watu wa MV Bukoba mwaka 1996 na wa MV Nyerere mwaka 2018, hatuwezi kulitazama jambo hilo kwa kicheko. Nilimvika mjukuu wangu boya moja siku zote tatu, akalala nalo, na wala sikuona haya.

Delta ya Rufiji si mto mmoja. Ni mikondo mingi inayogawanyika na kukutana tena, na katikati yake ni msitu wa mikoko wa zaidi ya hekta 50,000, ambao hapana mwingine wa pamoja unaoulingana katika Afrika Mashariki. Kwa mbali miti yote huonekana ni mmoja, lakini nahodha alimfundisha mjukuu wangu kuitenganisha: mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui, mchu wenye vijiti vinavyochomoza topeni, mkandaa ulionyooka, mkomafi wenye tunda kama mpira. Kutoka hapa, kwa karne nyingi, majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba yalipakia boriti na kurudi nazo kwa kusi, kwani huko hakuna mti wa kuezekea. Katika mikondo hiyo pia Wajerumani waliificha manowari yao Königsberg hadi ilipozamishwa Julai 1915 baada ya kushambuliwa na Waingereza. Mjukuu wangu aliyapenda sana mambo ya manowari. Mimi nilivutiwa zaidi na watoto wa shule waliotupita asubuhi, sita katika mtumbwi mmoja, madaftari wameyaweka juu ya vichwa, mkubwa wao akipiga kasia na mdogo wao akikumba maji kwa kopo.

Mwenye amri katika safari hiyo si nahodha, ni maji. Yanapojaa, mashua huingia nayo ndani na mafuta hupungua kidogo tu. Yanapokupwa, mkondo uliokuwa mpana kama uwanja hugeuka kuwa mfereji wa tope, na mashua hulala ubavu mahali ilipo hadi maji yarudi. Hapo hakuna wa kumlaumu. Watu huteremsha kamba za kuvulia, hupika, husuka ukili, hulala. Kijiji kikiwa karibu, mitumbwi huja: akina mama wanaleta kamba, samaki wakavu na nazi, wanaondoka na sukari na sabuni. Bei hupatanwa kwa nafasi, na habari za misiba na arusi hutangulia bei. Nilimwona mama mmoja akiuza kamba kwa dakika mbili na kueleza ugonjwa wa mkwewe kwa nusu saa.

Siku ya pili adhuhuri, tukiwa tumelala ubavu hivyo, mjukuu wangu aliyatazama maji yaliyobaki, akamgeukia nahodha, akauliza kwa adabu kabisa: "Shikamoo babu. Mto huu hukauka lini?"

Mashua yote ilicheka. Mama mmoja wa Kizaramo, ambaye alikwisha kunitania tangu Nyamisati kwa utani wa enzi za wapagazi, alisema: "Mtani, huyu mtoto mmemtoa jangwa gani?" Nami, kwa kucheka, nikajibu bila kufikiri: "Maswa."

Kicheko kikakatika. Si kwa ghafla, bali kama maji yanavyokupwa. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu na godoro, mtu wa miaka sabini na zaidi aliyekuwa akirejea kutoka Mafia kumtazama bintiye, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tupande. Akauliza: "Basi ninyi ni watu wa ng'ombe?"

Ndugu msomaji, katika basi mtu akikuuliza swali la namna hiyo unaweza kugeukia dirisha. Unaweza kujifanya umelala. Katika mashua iliyolala topeni, huku maji yakiwa na saa nne kabla ya kurudi, hakuna dirisha. Nikasema: "Ndiyo, mzee wangu. Mdogo wangu yuko huku na ng'ombe wake. Ndiko ninakokwenda."

Akasema yale aliyokuwa nayo, kwa sauti ya chini, na hakuna aliyemkatiza. Alisema kwamba mwaka uliotangulia alilima mpunga bondeni, akalala usiku na mchana katika dungu, yaani kibanda cha juu ya nguzo, kuwafukuza nguruwe na ndege. Aliugua homa siku mbili, akapelekwa nyumbani. Aliporudi, shamba lilikuwa uwanja. "Nguruwe hula akashiba akaondoka," alisema. "Ng'ombe mia mbili hawabakizi hata mahali pa kulilia." Alisema alishitaki, mwenye ng'ombe akatafutwa, faini ikalipwa. "Nasikia ililipwa. Mimi sikuiona. Faini hupita juu kama ndege, haitui shambani."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na majibu mengi ya watu wa Maswa: kwamba mfugaji naye hutozwa hapa na kutozwa pale, kwamba ng'ombe hana macho ya kujua mpaka, kwamba mdogo wangu hakuja huku kwa kupenda. Yote hayo ni kweli. Lakini nilikuwa nimefundisha darasani miaka thelathini na miwili, na nilijua kuwa mtu aliyepoteza mavuno hahitaji kusahihishwa. Nikanyamaza. Alipomaliza nilimwambia: "Pole, mzee wangu. Nilikuwa sijui." Nilikuwa najua. Nilikuwa nimesikia mara nyingi redioni habari za wakulima na wafugaji, nikazisikiliza kama mtu anayesikiliza matokeo ya mpira, nikiishangilia timu yangu.

Mjukuu wangu, ambaye watoto wana akili yao, alifungua mfuko wa bibi yake akamletea mzee kipande cha mchembe. Mzee akakitia kinywani, akakihamisha shavu hili na shavu lile, akakitoa na kukitazama. "Hii ni chakula au ni ubao?" Nikamweleza kuwa ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, kwamba huko kwetu mvua ikikosekana ndivyo vinavyotuvusha. Akakirudisha kinywani. Akasema kwao ni kinyume, maji yakizidi ndipo njaa huja.

Hapo ndipo akatusimulia habari za mwaka 1968. Alizaliwa bondeni, ukingoni kabisa mwa mto. Watu waliishi na mafuriko. Yalipokuja kwa kiasi yaliacha rutuba, na katika ardhi iliyobaki na unyevu walipanda mlau: mahindi, kunde, hata pamba. Mafuriko ya mwaka huo yalizidi. Serikali ikaanzisha Operesheni Rufiji, na mwaka 1969 wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, juu kwenye mchanga, mbali na mto. Yeye alikuwa kijana. Baba yake alikataa kuhama, akahamishwa. "Tukapewa kilima. Kilima hakizai mpunga. Tangu hapo tunalala juu na kulima chini, nusu ya maisha yetu ni kuvuka."

Nami nikamweleza mwaka 1974, Operesheni Vijiji ilipotufikia Maswa. Nilikuwa binti wa darasa la saba. Baba yangu aliyabomoa maboma yake kwa mikono yake mwenyewe kabla hayajabomolewa na wengine, akatuhamishia kwenye mstari wa nyumba za kijiji, ambako shule na zahanati zilikuwa karibu na malisho yalikuwa mbali. Sina nia ya kuhukumu hapa sera ya miaka ile. Mimi mwenyewe ni mtoto wa shule iliyojengwa katika kijiji hicho. Nasema tu kwamba tulipokuwa tukizungumza tuligundua kwamba baba zetu wote wawili walikufa wakitaja jina la mahali pa zamani.

Maji yakarudi. Mashua ikainuka yenyewe, bila mtu kuisukuma, na nahodha akawasha mashine.

Usiku ule mzee alizungumza zaidi. Alikuwa mwadilifu. Alikubali kwamba Wasukuma wameleta majembe ya ng'ombe, na kwamba wapo vijana wa kijiji chake ambao sasa hulima kwa kukodi maksai kwao. Alikubali kwamba maziwa yamepatikana. Alichoogopa zaidi, alisema, si ng'ombe peke yao, ni maji yenyewe. Kule juu, Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lilikuwa limeanza kujazwa Desemba 2022. Alijiuliza kama mafuriko ya kiasi, yale yenye rutuba, yatakuja tena, au mto utakuwa ukifunguliwa na kufungwa kama bomba. Mto huu una tabia zake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 maji yake mengi yaliuacha mkondo wa kusini yakaelekea kaskazini, na vijiji vikabadili ukulima kwa sababu hiyo. Lakini huko kubadilika, alisema, ni kwa mto mwenyewe.

Siku ya tatu alasiri tukafika mwisho wa mashua. Mdogo wangu alikuwa ukingoni. Sikumtambua mpaka aliponisalimu "mwangaluka" wakati wa alasiri, kosa alilokuwa akilifanya tangu utotoni kwa makusudi ili kunichekesha. Mvi zilikuwa zimemjaa. Nilipomkumbatia nilisikia harufu ya boma la baba.

Mzee alikuwa akisubiri mtumbwi wake hatua kumi tu kutoka hapo. Nilimshika mdogo wangu mkono nikampeleka kwake. Nilimwambia: "Msalimie mzee huyu, tumesafiri pamoja." Mdogo wangu akasema shikamoo. Mzee akasema marahaba, akamtazama kwa muda, akauliza ng'ombe wake wananywea wapi. Mdogo wangu akamweleza. Mzee akasema: "Shamba langu liko chini ya hapo." Hakuongeza neno, na mtumbwi wake ukaja.

Nilikaa kwa mdogo wangu wiki mbili. Nilimweleza yote, naye aliudhika kwanza, kisha akanionyesha stakabadhi zake za faini, fungu zima ndani ya mfuko wa nailoni. Kabla sijaondoka alihamisha njia ya kunyweshea, ikawa ndefu kwa mwendo wa saa moja. Watoto wake walinung'unika, kwani wao ndio wachungaji.

Aprili 2024 mvua kubwa zilileta mafuriko makubwa Rufiji na Kibiti, mashamba yakazama, nyumba zikazama. Kwa siku tano simu ya mdogo wangu haikupatikana, na mama hakula. Siku ya sita alipiga mwenyewe. Boma lilikuwa limekwenda na maji, pamoja na ng'ombe kumi na wanne. Wao wenyewe walikuwa juu, kwenye mchanga, pembezoni mwa kile kijiji cha mwaka 1969. Wanakijiji walikaa kikao siku mbili juu yao. Wapo waliosema ng'ombe wasipande kabisa. Mwishoni wakakubali watoto, akina mama na ndama. Ng'ombe wakubwa wapelekwe mbele, mbali na mihogo ya watu. Ndama walifungwa katika kivuli cha miembe ya mzee wa mashuani.

Mama alipouliza wanae wamepata kivuli cha nani, nilimsimulia habari za yule mzee, na jinsi alivyouita mchembe ubao. Hakusema kitu. Mwezi Juni, viazi vilipokomaa, nilimkuta ameketi uani na kisu, ameanika michembe juu ya mwamba, na ametenga mafungu mawili.